Tai wa Ukuta wa Machinjio

Kwako kaka yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe, shemeji na watoto, nikitumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi hunikumbusha umri wangu kila ninapoinama chini ya ng'ombe. Na goti lako je? Shemeji aliniambia kwenye simu kwamba unalipaka mafuta ya mgando na kukataa kwenda zahanati. Ng'ombe akichechemea unaniita kutoka mbali. Ukichechemea wewe, unasema ni baridi tu. Haya, mimi ni daktari wa mifugo, sina mamlaka juu yako.

Nimesikia umeuliza kwa nini nilionekana kwenye barabara ya kwetu na nisifike nyumbani. Ni kweli, nilipita. Nitakueleza, ila nivumilie nianzie huku kazini, maana jambo lenyewe lilianzia huku.

Utakumbuka ulipokuja kunitembelea nilikuonyesha shimo la mifupa na mabaki nyuma ya machinjio, na tai waliokuwa wamejipanga juu ya ukuta wake. Wachinjaji waliwaita wanakamati, kwa sababu walikaa kwa mstari, mabega wameyakunja, hawachangii neno, na mwisho wa kikao wanakula. Meneja hakuwapenda. Alisema wageni wakiona vipara vile na midomo ile watadhani tunachinja mizoga. Mimi sikuwapenda wala sikuwachukia. Niliwahesabu kuwa sehemu ya ukuta.

Tangu mwaka jana walianza kupungua. Meneja alifurahi, akaagiza ukuta upakwe chokaa. Lakini mabaki ambayo zamani yalikuwa yakimalizwa kabla ya adhuhuri yakaanza kulala shimoni. Nzi wakahamia hadi kwenye chumba changu cha ukaguzi, nikawa nakagua nyama kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Halafu wakaja mbwa. Kwanza wachache wenye aibu, baadaye kundi zima, wakilala humo na kuzaa humo. Mama muuza chai wa getini aling'atwa paja akiwa na birika mkononi, na vipimo vikaonyesha kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa. Mama amemaliza sindano zake na anaendelea vizuri, ila hauzi tena chai pale. Anasema hata mtoto akikohoa nyuma yake, anaruka.

Kilibaki kikundi kidogo cha tai upande wa bomba la maji. Mwezi huu, asubuhi moja, hata hao hawakuja.

Kesho yake akaja mwanamke mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, mtafiti wa ndege. Wachinjaji walimpachika jina la Mama Tai kabla hajafunga mlango wa pikapu yake. Alikuwa na kreti, na ndani ya kreti tai aliyemwokota kando ya barabara, shingo imelegea kama kitambaa. Akaniuliza kama natibu ndege. Nikamwambia natibu wenye kwato.

“Basi leo huyu ana kwato, daktari,” akasema. “Tuanze.”

Tulimsafisha koo na kumtilia maji mwilini kwa sindano. Alinitapikia koti, na harufu yake, kaka, ni ya kumfanya mtu ajute kuzaliwa na pua. Hakufa. Sasa anaishi stoo kwetu, na mfanya usafi amempa meneja masharti: ama ndege, ama yeye.

Tulipokuwa tukifanya kazi Mama Tai alizungumza bila kupumzika. Alisema tindikali ya tumbo la tai ni kali kiasi kwamba kimeta, ugonjwa unaotufanya wewe na mimi tuchome ng'ombe mzima bila kuthubutu kumpasua, kwake ni chakula cha mchana. Vijidudu huingia humo, na vingi havitoki. Kile kipara tunachokicheka kimewekwa kwa kazi: kichwa huzama ndani ya mzoga, na kingekuwa na manyoya mengi kingeshika uchafu. Alisema wapo tai wanaopanda juu hadi kwenye hewa ambayo sisi tungezimia, kwa sababu damu yao inajua kuishika hata hewa iliyo haba. Na huko juu hutazamana. Mmoja akishuka, jirani yake humwona akafuata, na jirani wa jirani naye, kama umbea unavyosafiri, mpaka mzoga mmoja unakusanya ndege wa nchi nzima.

Kisha akasema kwamba hiyo ndiyo salama yetu na ndiyo hatari yao, kwa sababu mzoga huo ukitiwa sumu, wanakufa wote pamoja. Na jike hutaga yai moja tu, tena si kila mwaka. Nilimuuliza inakuwaje tumbo lishinde kimeta lishindwe na sumu ya dukani. Akanijibu kwamba kimeta wamekutana nacho tangu enzi na enzi, na sumu hii wamekutana nayo jana.

Mmoja wa tai wa ukuta wetu alikuwa amefungwa kifaa mgongoni, kinachoonyesha alipo. Nilijifunza kwamba ndege niliyemwona asubuhi huku angeweza kula mchana huko kwenu. Kifaa hicho kilikuwa kimesimama mahali pamoja bila kusogea. Mama Tai alihitaji daktari wa kuchukua vipimo, nikaenda naye pamoja na afisa wa wanyamapori. Tulipoiacha barabara kuu na kushika ile ya kwetu, nilijiambia tutaupita mlima wa kwetu na kwenda mbali zaidi. Hatukuupita.

Tai walikuwa bondeni, wamelala wafu kuuzunguka mzoga wa ng'ombe kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba. Baadhi yao mbawa zilikuwa wazi. Palikuwa na fisi mmoja, mbweha, na mbwa wa mtu, kamba ikiwa bado shingoni mwake. Afisa alianza kuhesabu kwa sauti, halafu akaacha. Juu ya mgunga mmoja palikuwa na kiota, na ndani yake kinda akiita. Mama Tai aliketi chini ya mti huo, uso ameuelekeza kiotani.

Kazi yangu ilikuwa kukata vipande vya kupelekwa maabara. Niligeuza kichwa cha ng'ombe. Sikio la kushoto lilikuwa na mkato wa pembe tatu na tundu chini yake, mkato ambao Baba alitufundisha sisi wawili tukiwa tumeshikilia ndama, na ambao hakuna boma jingine linaloutumia. Alikuwa yule wa kijivu, mwenye mimba, ambaye shemeji aliniambia fisi wamemuulia zizini, na kwamba siku hiyo hukula chakula. Najua kwamba ulipomburuta hadi bondeni na kumtia sumu, ulichotaka ni fisi. Sikufikiri hata mara moja kwamba una ugomvi na tai. Najua pia kwamba wamekuwa wakipungua tangu mwaka jana, na hiyo haikuwa kazi ya boma moja.

Afisa aliuliza kama kuna anayeitambua alama ile. Ningeweza kunyamaza, pale hakuna mwingine ambaye angeisoma. Nilimaliza kukata, nikafunga chupa, nikanawa mikono. Nilikumbuka kwamba Baba alipofariki wewe ndiye uliyeacha shule ili mimi nibaki nayo, na kwamba udaktari ninaoutumia kukata sikio hili ni wako nusu. Nikakumbuka na paja la mama muuza chai. Nikamtazama yule mbwa wa kamba, nikawaza kwamba watoto wako huchunga bonde hilo hilo na kunywa kijito hicho hicho. Kisha nikasema, “Alama hiyo ni ya kwetu. Huyo ni ng'ombe wa kaka yangu.”

Ndiyo sababu sikupita nyumbani. Shemeji angeniletea maji, wewe ungeniuliza habari za safari, nami ningekudanganya.

Maafisa wa wanyamapori watakuja kwako wiki ijayo. Nilimwambia afisa kwamba nitakuandikia, akasema mtu anayejileta husikilizwa tofauti na anayeletwa. Nakuomba ujilete kituoni kwao kabla ya hapo. Sumu iliyobaki ichukue ndani ya chombo chake. Usiimwage mtoni wala usiizike. Mimi nitakuwepo. Nimekwisha kusema kama shahidi, na huko nitasema kama ndugu: nani alinilea Baba alipofariki, na fisi walikufanya nini. Mama Tai anasema yapo mazizi ya waya mzito ambayo fisi huyazunguka mpaka kunakucha, wakaondoka na njaa yao. Hukumu yoyote itakayotoka, nimeomba likizo tulijenge la kwetu.

Sikuombi radhi kwa nilichosema, kaka, wala sidai shukrani kwa kukutangulizia habari. Nilitaka tu uisikie kwangu.

Nisalimie shemeji, na umwambie hakukosea kunisimulia. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na uwakataze bonde lile mpaka nitakapofika na kulikagua. Niambie siku utakayojileta, nami nitakuja kwa basi la asubuhi na kushukia kituo cha wanyamapori, si nyumbani. Kama hutaki kuniona, kaa upande mmoja wa benchi nami nitakaa upande wa pili. Benchi lenyewe ni refu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba