Masizi ya Asubuhi ya Pasaka

Mtae,
Jumatatu ya Pasaka

Kwako dada Yusta,

Shikamoo dada. Natumaini hujambo hapo Mombo, na lile joto halijakuyeyusha pamoja na nyanya zako. Mama hajambo, anasema ule ushibe. Mimi ni mzima, tena mzima kweli, na ndiyo habari yenyewe. Ningepiga simu ungenikatia katikati, kwa hiyo barua hii anakuletea Hassani wa lori la kabichi. Nimemwambia asiondoke mpaka umalize kusoma.

Kwanza sifa zangu. Mdogo wako sasa ni mpiga tarumbeta wa usharika! Kidato cha pili kilinishinda, sikatai, lakini nyimbo nimezimeza kwa wiki tatu. Fanueli, tunayepokezana naye tarumbeta la mazoezi, huu ni mwezi wake wa nne na bado anatoa sauti ya mbuzi.

Unakumbuka kifua changu kilivyobana tangu tumzike baba. Hospitali walipiga picha, hawakuona kitu. Mama akanikanda mafuta ya mbarika, nikaishia kunuka. Ndipo mchungaji akaja, akala viazi vyetu, akasema kifua hicho kimebeba jambo, nikamweleze Mungu. Nikamjibu Mungu ana kazi nyingi. Akacheka, akasema basi nijiunge na bendi, Pasaka alfajiri nimpigie baba wimbo kaburini, tunapowatangazia wafu wetu kwamba Bwana amefufuka. Matarumbeta hayatoshi, nikajitapa kwamba nitakuja na langu.

Basi jana, ukungu umetanda, mchungaji yuko mbele yangu na kanzu nyeupe pee. Nikavuta pumzi, nikapuliza kwa nguvu zote. Sauti haikutoka, dada. Yalitoka masizi! Kanzu, ndevu, mpaka kitabu cha nyimbo. Eliza wa kwaya alicheka hadi akakaa juu ya kaburi la watu. Nikapuliza tena, na wimbo wa baba ukatoka wote mpaka mwisho. Halafu nikalia kama ndama, mbele ya Eliza huyo huyo. Mchungaji akanikumbatia na masizi yake, akasema kanzu ina sabuni, je, kifua? Nikamwambia kimeachia. Na kweli kimeachia.

Sasa kaa chini, dada. Masizi yale ni ya dari la jikoni kwetu, na tarumbeta ni lile la baba lililopotea. Mjomba Clemence hakuliuza kama ulivyodhani. Nililificha mimi, siku ya mazishi, nilipomsikia mtu anasema atalipiga yeye. Niliona kama wanamzika baba mara mbili. Ukamwita mjomba mwizi mbele ya waombolezaji, mwaka mzima humpi shikamoo, na mimi nimenyamaza huku nakula ugali wake.

Nilimwendea pale pale makaburini, nikasema yote. Kumbe aliliona zamani, alipopanda darini kushusha mahindi. Nikamuuliza mbona alikubali kuitwa mwizi. Akasema angenisemea yeye, mimi ningebaki na kifua changu. Kisha akauliza wewe unakuja lini. Hakuuliza kingine.

Nisamehe, dada. Mungu amekwisha kunisamehe, na yeye hana mdomo kama wako. Hassani amekuwekea kiti cha mbele. Panda naye, uje na shikamoo ya mjomba ya mwaka mzima, na miche miwili ya sabuni. Mchungaji alidanganya, ile kanzu haitakati.

Wasalimie wote hapo sokoni.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kifua chake,
Yonathani