Wageni Wangu wa Likizo

Jumatatu, 14 Julai

Leo Kongo haikuja. Tumetembea hadi ziwani asubuhi, mimi, Hawa na Saidi, tukakuta maji na vumbi la kiangazi tu. Milima yake yote ng'ambo ya ziwa imemezwa. Ndio mchezo wetu: kila asubuhi kwenda kuangalia kama Kongo ipo. Hauna kiingilio. Saidi ana miaka sita na anaamini kwamba milima hutembea usiku, siku nyingine ikachelewa kurudi. Sikumsahihisha. Nilivyoutazama ule weupe kwa muda mrefu, hata mimi nilianza kuamini.

Tumerudi nyumbani Bwiza kwa miguu. Mabasi hayana mafuta, na yangekuwa nayo bado nauli sina. Chai bila sukari. Saidi alilalamika. Hawa, miaka tisa, alikunywa yote kimya. Mtoto mpole mno.

Alhamisi, 17 Julai

Niandike wazi, daftari hili halina msomaji. Namtaka Hawa.

Mdogo wangu Zaituni ameniletea wanawe hawa wawili kwa likizo. Mvua za mwaka huu ziliingia nyumbani kwake Buterere hadi zikalowesha godoro. Tulizungumza. Alikubali Hawa abaki kwangu moja kwa moja, asome hapa Bwiza, lakini kwa sharti. "Mutoto atasema yeye mwenyewe," aliniambia. "Vakansi ikiisha nitamuuliza." Yaani likizo ikiisha.

Nina miaka arobaini na nne. Sikujaaliwa mtoto. Nyumba ina vyumba viwili na cherehani, na cherehani haijibu mtu. Nina wiki saba za kumfanya Hawa apapende hapa. Pesa sina. Vitambaa ninavyo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetundika vitenge kwenye kamba nne uani, tukapata vyumba. Vitenge vya wateja, Mungu anisamehe. Chumba cha manjano, chumba cha buluu, chumba cha samaki. Saa sita tulilala katika chumba chekundu. Jua lilipenya kitambaani, mikono yetu ikawa rangi ya papai. Saidi aliuliza kama tumeshakufa. Hakuna aliyetaka kuondoka.

Nikasinzia. Nikaota vyumba havina mwisho: nafunua kitenge, nyuma yake kitenge kingine, na miguu ya Hawa mbele yangu daima, haikimbii wala haisimami. Nilipoamka alikuwa ameketi, ameanua nusu ya vitambaa na kuvikunja vizuri kuliko ninavyovikunja mimi. Nikamwambia aache. Kazi yangu, yeye acheze.

Jumatano, 23 Julai

Aibu. Niliwatangazia kwa mbwembwe kwamba leo tunakwenda kuona ndege zikitua. Wakatazamana.

"Mama mukubwa," Saidi akasema, "kwetu ndege zinapitaka juu ya choo."

Basi. Nimewashonea wanasesere. Wa Saidi ana miguu mitatu kwa ombi la mwenyewe.

Jumapili, 27 Julai

Kongo imekuja! Kwanza mstari mwembamba wa buluu, kisha mabonde, kisha bati la nyumba ya mtu likametameta huko juu. Saidi aliipungia mkono ile nyumba. Tulikaa mchangani hadi matumbo yakadai. Tulipangia wenye nyumba majina, kazi, mbuzi, ugomvi na jirani. Hawa ndiye aliyewapa mtoto wa kike.

Wakati wa kurudi alinishika mkono bila kuambiwa. Kutoka ziwani hadi sokoni. Sikuthubutu hata kujikuna.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegombana na Mama Rehema, tunayepanga naye ua mmoja. Alimtuma Hawa dukani kununua chumvi. Nilitoka na futi yangu ya kupimia shingoni, nikamwambia kwamba mtoto wangu ni mgeni, amekuja kupumzika, hatumwi. Mtoto wangu, mgeni. Yote kwa pumzi moja, na masikio yangu hayakusikia.

Mama Rehema alicheka hadi akajishika kiuno. "We Mwajuma! Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Huyu ana mwezi!"

Mwanamke ana mdomo. Hawa alisimama katikati yetu na noti mkononi. Kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea dukani, uso umechangamka. Nikamwita arudi, nikaichukua ile noti nikamrudishia Mama Rehema. Jioni nikamkaangia Hawa ndagala wengi, dagaa wa ziwa letu, nikamchagulia wakubwa. Alikula kwa adabu. Sina hamu.

Ijumaa, 15 Agosti

Jioni ziwani tena, tumekaa mbali na maji. Viboko watatu. Huoni kitu ila masikio, kisha hata masikio hayapo, kisha yapo mahali pengine kabisa. Maji yalikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Saidi alilala mapajani mwangu. Nilitamani Mungu aisimamishe saa hapo, na sisi tuwe masikio tu juu ya maji.

Hawa akauliza, "Mama ameshapata mutu wa kumuchotea maji?"

Nikasema mama yako ni mtu mzima, atajichotea. Sauti ilitoka kali. Nimemwonea wivu ndugu yangu kwa ajili ya ndoo ya maji.

Jumatano, 27 Agosti

Siku kumi zimebaki. Mteja amenifokea, gauni la arusi ya dada yake halijakatwa hata mkono. Ana haki. Simjali.

Jana asubuhi nilikuta Hawa ameamka kabla yangu na anafagia ua. Nikamnyang'anya ufagio. "Nimechoka kukaa, Mama mukubwa," akasema. Nikaelewa kwamba michezo yangu imemchosha. Nimekesha na mawazo. Leo tumetengeneza mto wa vipande vya kitambaa kutoka mlangoni hadi kwenye bomba, na daraja, na mamba wa soksi. Watoto wa ua mzima walikuja. Mama Rehema naye alivua viatu akavuka mto, akajifanya analoa. Nilimsamehe kidogo.

Hawa alicheza. Nilimtazama sana. Alicheza kama mtu anayefanya vizuri alichoombwa.

Jumatano, 3 Septemba

Ukungu. Kongo hakuna. Hatukukaa.

Jumamosi, 6 Septemba

Zaituni amekuja. Tumekaa mkekani wote wanne. Nilikuwa nimepika pilau, nyama kidogo lakini ilinukia. Zaituni hakuzunguka mbuyu, akamuuliza mwanawe hapo hapo: unabaki kwa mama mkubwa usome hapa, ama unarudi?

Hawa alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema taratibu, kana kwamba anamweleza Saidi:

"Apana, narudi. Hapa njo vakansi. Nikibaki, mu vakansi nitaendaka wapi?"

Zaituni aliinamisha kichwa asicheke. Nikacheka mimi, kwa sauti, ili ruhusa iwepo. Nikasema kweli mwanangu, utakwenda wapi? Nikaingia ndani kwenye cherehani. Nilishona mshono mzima wa gauni la arusi, kutoka kwapa hadi pindo. Nilipouvuta, vipande viliachana. Sikuwa nimetia uzi.

Imeniuma. Nitasema hivyo na sitaongeza kitu. Walipoondoka Saidi alilia. Hawa hakulia, alikuwa amebeba mzigo wa mama yake kichwani na anatembea upesi.

Jumapili, 7 Septemba

Wiki saba nimemfanyia sikukuu. Hakuna anayehamia kwenye sikukuu. Mama Rehema alileta uji, hakusema lolote. Ningependa aseme.

Jumamosi, 13 Septemba

Shule zinafunguliwa keshokutwa. Bwiza nzima inataka sare leo leo. Zaituni alikuwa na shughuli sokoni, akaniachia Hawa kwa saa mbili ili nimpime na kumshonea ya kwake. Nimemwachia pindo la vidole vinne, anarefuka.

Nilikuwa na sare kumi na moja za watu na mikono miwili. Hawa alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akisubiri mchezo. Sikuwa na mchezo. Bila kuinua kichwa nikamwambia achukue ufagio, ua mchafu. Alitoka mbio. Nilimsikia anafagia na kuimba, kisha kimya. Nikachungulia. Kona ya nyuma ya bomba ameiruka kabisa. Nikamwita, nikamwonyesha kwa mkasi, nikamwambia arudie, na safari hii aimwagie maji kwanza.

Akanuna. Alivuta mdomo, akanung'unika kitu ambacho sikukisikia vizuri, akaburuta ufagio hadi vumbi likaingia ndani, juu ya sare za watu. Nilizikung'uta moja moja, bila hasira. Kwa wiki saba alizokaa hapa hakuwahi kuninunia hata mara moja.