Futari Mbili za Mwalimu

Bi Mwatum mpendwa, assalaam alaykum, naomba unisaidie na jina langu usilitaje, maana mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Chake na wanafunzi wangu wanakusoma. Mwaka huu daktari aliniambia sukari yangu inapanda, nipunguze mwili, akaniuliza napenda kula nini, nikamwambia muhogo wa nazi kwa papa mkavu, ambao mama amenilea nao, kwa tui zito la mkamuo wa kwanza, akasema basi huo ndio uache. Mke wangu Safaa hakukubali niuache, akaupika upya kwa tui jepesi la mkamuo wa mwisho, akazidisha tangawizi, ndimu na pilipili mbuzi, na wallahi Bi Mwatum ni mtamu, nilikula nikajiona mtoto tena, ila bakuli ni dogo. Yeye ni mwembamba tangu zamani, lakini akasema haiwezekani nile chakula cha mgonjwa peke yangu, tutakula sote kipimo hicho hicho.

Nikaongeza na saumu za sunna, Jumatatu na Alhamisi, thawabu na dayati kwa pamoja. Shida ikaanza Alhamisi moja nilipopita Wawi kumjulia hali mama, magharibi ikanikuta huko, akaniangalia akasema, "Mwanangu, wakonda, huko walishwa nini?" akafunua kawa, chini yake muhogo wa tui zito, na mzazi akikuwekea sahani huwezi kumkatalia, nikafungua kwake, nikaswali, nikarudi nyumbani nikamkuta Safaa ananisubiri na bakuli letu, nikala tena kwa haya tu. Sasa ni miezi mitano, kila siku ya saumu nakula futari mbili, nimeongeza na Jumamosi, na mchana huwa nampigia mama simu kumuuliza kama nazi imeshakunwa. Nikirudi Safaa huniuliza, "Baba Yumna, umefungua kwa nini?" namjibu kwa tende moja na maji.

Wiki iliyopita nimepima, sukari imezidi na nimeongezeka kilo sita. Safaa alilia. Anasema mtu anayekula kidogo hivi akanenepa ana maradhi makubwa au ana jicho la watu, ameniletea kombe kwa Shehe, maji yaliyooshewa aya, nanywa asubuhi na jioni, na sasa anataka kuuza bangili alizoachiwa na marehemu mama yake anipeleke Unguja kwa daktari bingwa. Nikisema kweli naogopa ataondoka, nikinyamaza bangili zinakwenda, na nikimkatalia mama nitakosa radhi. Nifanyeje?

Mwalimu, Tibirinzi

BI MWATUM ANAJIBU

Waalaykum salaam, Mwalimu. Pole kwa sukari. Kwa mengine yote sikupi pole.

Mama yako tumtoe kwanza kwenye kesi hii. Siku ile ya mwanzo alikuwekea sahani, nakubali, hukuwa na la kufanya. Lakini mama anayepigiwa simu saa nane mchana kuulizwa habari za nazi hajamlazimisha mtu, ameagizwa. Umemfanya mzazi wako mkahawa, kisha unamsingizia radhi. Na je, umewahi kumwambia kuwa una sukari? Nimeisoma barua yako mara tatu sijaona. Bi mkubwa wa watu anakuna nazi kwa mapenzi, hajui anachokulisha.

Na hiyo Jumamosi umeitoa wapi? Jumatatu na Alhamisi nazijua. Jumamosi umeifunga kwa ajili ya tui, halafu unashinda na njaa mchana kutwa ili uje umdanganye mkeo kabla hata ya isha.

Kinachonichekesha ni kwamba huna hata kisingizio cha chakula kibaya. Umesema mwenyewe ni mtamu. Kama bakuli lilikuwa dogo, ungemwomba akuongezee mchicha na kipande cha samaki wa kuchoma. Mwanamke amechukua kitu unachokipenda kuliko vyote, akahangaika mpaka akapata namna ya wewe kuendelea kukila, na wewe umekigeuza kitafunio cha baada ya futari.

Sasa nisikilize. Leo ukitoka skuli usipite Wawi. Nenda nyumbani, kaa chini, mwambie Safaa yote, pamoja na simu na Jumamosi, na neno la kwanza liwe "nimekudanganya", lisiwe "mama". Akinuna umemkosea. Akienda kwao, mwache, usimtumie wazee wa kumbembeleza. Kombe la jicho acha kunywa, hakuna aliyekutazama vibaya. Akikusamehe, mwende nyote wawili Wawi mumwambie mama ukweli wa daktari, na Safaa apike ule wake mle watatu. Bangili zibaki mkononi mwake hata asipokusamehe.

Na ukimpeleka mtu kupimwa, mpeleke yeye. Miezi mitano amekaa na njaa kwa ajili ya maradhi yako, na wewe muda wote huo ulikuwa umeshiba.