Mgongo Uliozuia Dramu

Mjukuu wangu Mutheu,

Huku Kangundo tuko wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na susu, nyanya yako, amempa jina lako. Usikasirike, ni mrembo.

Umeuliza ni nani alinifunza dramu hadi nikapigia bendi ya jazz ya watu kumi na sita. Ni huyu huyu susu yako niliyemwoa, na hajawahi kushika vijiti.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulipiga kwenye harusi Machakos mjini. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imepakwa nta mpaka inateleza. Kila nikikanyaga pedali, dramu kubwa ilisonga mbele, nami nikaifuata na kiti changu, hadi wapiga tarumbeta wakaanza kunihepa. Watu walicheka sana! Msichana aliyekuwa akigawa pilau akaleta kigoda, akaketi mbele ya dramu na kuiegemea kwa mgongo. Haikusonga tena.

Tulipopumzika nikamwuliza, "Umeonaje?"

"Ukifurahi unakimbia," akasema. "Nimesikia kwa mgongo. Wazee wanashindwa kucheza."

Niliudhika, lakini nikapunguza mwendo. Wazee wakainuka mmoja mmoja, na babake bwana harusi akavua koti.

Kwa hivyo ukipiga huko shuleni, tazama miguu ya wanaocheza.

Ukiona mwandiko wangu umekimbia hapo juu na huku chini umetulia, ni susu yako amekuja kuketi, akaniegemea mgongo.

Umau wako