Kapewa Karatasi

Jumatatu, 5 Mei
Ndege watatu wa karatasi kabla ya uji. Wa tatu kapinda shingo. Nesi wa kliniki ya presha alisema: ukikunja, vuta pumzi, ukibana mkunjo kwa ukucha, itoe. Usifikirie kitu kingine. Rahisi kwake, mumewe analala nyumbani.
Karatasi zangu ni za mitihani ya zamani ya darasa la tano. Nazichambua kwanza. Zenye Bismillahi juu naziweka kando, hizo hazichezewi. Mwalimu mzima, miaka arobaini na mbili, nacheza na karatasi kama mtoto. Lakini presha imeshuka.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua tangu alfajiri. Wawi yote tope. Nimejaribu kisanduku chenye kifuniko. Mkunjo wa saba nikamkumbuka Faki, hesabu ikapotea. Miaka mitatu yuko Maskati. Sura yake haiji kwanza. Kinachokuja ni kile kikohozi chake cha mlangoni, cha kunijulisha kuwa ni yeye. Namtamani mume wangu. Basi, nimeandika.
Tangu Idi maneno yake ni ya kuhesabu. Nimemtumia sauti kwenye simu: niletee karatasi za rangi, huko zimejaa. Kasikiliza. Hakujibu.

Jumamosi, 17 Mei
Hamad, mdogo wake Faki, kaja likizo kutoka huko huko Maskati. Alifika alasiri. Nilimpikia mkate wa kumimina, hakuonja. Alisimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni mwa kanzu, kama aliyepoteza ufunguo. Mwisho akanipa pakiti. "Karatasi zako hizo, shemegi." Akaondoka. Bi Raya, jirani yangu, alikuwa uani akipepeta mchele. Hakuona kitu, lakini masikio anayo.
Rangi kumi na mbili! Kumbe Faki alinisikia. Nimefurahi mpaka nikaona haya. Nimekunja hadi magharibi, pumzi zikienda zenyewe.

Jumatatu, 19 Mei
Shuleni leo kila mtu mpole. Mwalimu mkuu kanipunguzia vipindi bila kuombwa. Mwalimu wa dini kanambia subira ina malipo. Nikadhani presha yangu imetangazwa.
Alasiri Bi Raya kaleta sahani ya muhogo wa nazi, kaiweka chini, akaangua kilio. "Pole mwanangu. Kukupa karatasi mlangoni hivi hivi, hata kukaa hakukaa! Na weye wazikunja tu!"
Hapa kwetu mwanamke akisemwa kapewa karatasi, haulizwi karatasi gani. Ni talaka. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nikamtolea pakiti: nyekundu hii, kijani hii, manjano hii. Alizitazama, kisha akanitazama mimi. Nadhani aliondoka akiamini nimerukwa na akili.

Jumanne, 20 Mei
Uvumi hauna breki. Bibi mmoja kanisimamisha sokoni Chake. Kaka yake kafiwa na mke, ati eda yangu inakwisha lini? Sikucheka. Nimerudi nimekaa mkekani, nimekunja, nimepumua, nimekunja. Ya buluu imechanika. Nampigia Faki tucheke wote wawili. Hapatikani.

Jumatano, 21 Mei
Kapiga mwenyewe, adhuhuri. Nilimwambia mji mzima unasema umeniletea karatasi. Nikasubiri acheke. Akauliza: "Hamad keshakupa?"
Nikakata simu.

Ijumaa, 23 Mei
Hamad kaja baada ya sala. Safari hii alikaa. Ile siku ya Jumamosi bahasha ya Faki alikuwa nayo mfukoni, kaishika kwa mkono, na mdomo ukakataa kufunguka. Karatasi za rangi alinunua yeye. Kaka yake alimtajia tu kwamba nazitaka. Alisema hakuweza kuja na ile moja peke yake. Kalia, mwanamume mzima. Ikabidi mimi nimchemshie chai.
Karatasi ya ndani ya bahasha imekunjwa mara tatu, pembe hazikukutana. Niliona hilo kabla ya kusoma. Talaka moja. Mwandiko ni wa Faki. Harudi, kaanza maisha kule, hataki kunifunga. Ameandika tarehe: ni ya Shaabani, kabla hata ya Ramadhani. Yaani aliponipigia siku ya Idi kunitakia baraka, na mimi nikamwambia nimekupikia biriani ya mawazo, alikuwa keshaandika. Akacheka na kucheka huko!
Nimemchukia saa nzima. Zaidi ya hapo sikuweza.

Jumapili, 25 Mei
Nimekwenda kwa Shehe. Nikajibu maswali yake kuhusu siku zangu za mwezi huku natazama mkeka. Kahesabu. Eda huanza siku talaka inapotoka, si siku mke anapojua. Kwa hiyo yangu imekwisha. Sikujua hata kama ilianza. Kaniombea dua, kaniambia niko huru.
Bi Raya kaja kunitaka radhi. Hamad ndiye aliyemwambia karatasi zile zilikuwa za rangi tu, siku alipokuwa bado ananificha bahasha. Kaapa hatosema tena jambo asilolijua. Nikamwambia alisema kweli. Akaomba kisu. Tukamenya ndizi pamoja mpaka zikaisha.
Miezi yote hii nilikuwa namtamani mwanamume asiye wangu. Sikuwa na dhambi, maana sikujua. Sasa najua. Mvua imekatika, watu wameanika nguo. Nimemtamani leo pia.