Mshono wa Upande wa Mama

5 Januari

Kwako Cheche, binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Kile kifua cha moshi wa karakana kimepoa? Sisi wazima, ila mama yako na mgongo wake. Tangu wamfanyie upasuaji kukaa kwenyewe ni kazi, na kliniki inamtaka kila baada ya wiki mbili. Pikapu yetu unaijua. Springi za mbele ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kama sahani kabatini, na usukani unataka mabega ya mpagazi. Kila shimo linampanda mama yako mpaka shingoni. Safari iliyopita aling'ata mtandio njia nzima, halafu anashuka ananiambia hajambo. Niliingia choo cha kliniki nikalia. Nakuambia wewe tu.

Sasa sikiliza. Nimepata gari dogo la kisasa lililogongwa nyuma likakunjika kama kopo. Mbele halina hata mkwaruzo. Nataka nichukue mbele yake yote ya chini: boriti inayobeba injini, mikono ya magurudumu, shokapu, na ule usukani laini wa kugeuza kwa kidole, nivipandikize kwenye pikapu. Mafundi wenzangu wanasema uzee umenipanda kichwani. Wewe unayechomelea mabodi ya malori kila siku unasemaje?

Simu ya nyumbani ilitumbukia kwenye beseni la oili, ndiyo maana nakuandikia. Kondakta wa basi la asubuhi atatubebea barua, nimeshamtengenezea breki, hawezi kukataa.

Ni mimi Baba yako.

14 Januari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, nakohoa Jumatatu tu, nadhani kifua nacho hakipendi kazi. Mama mpe pole nyingi, umwambie aache kusema hajambo.

Kazi hiyo inawezekana, Baba, na kichwa chako kinaiweza. Ila kwanza weka injini mahali pake, gari likae na uzito wake, ndipo upime. Ukipima likiwa tupu, siku injini ikiingia magurudumu yatalala. Halafu chesesi ya pikapu ni pana kuliko ya gari dogo, kwa hiyo utaongeza kipande cha chuma kila upande, kati ya boriti na chesesi. Hivyo vipande viwili ndivyo vitakavyombeba Mama.

Nakuomba usivichomelee wewe. Nisubiri, likizo yangu ni Aprili. Wewe ndiye uliyeniwekea miwani ya kuchomelea usoni nikiwa bado nakaa juu ya debe ili niifikie meza, kwa hiyo usiseme nakudharau. Ila barua yako mistari inapanda mlima na kushuka, na mahali pawili umeandika neno juu ya neno. Macho vipi? Umekwenda kupima? Nijibu hilo kabla ya kunijibu la gari.

Mwanao.

20 Februari

Kwako Cheche,

Habari za huko? Sisi huku hatujambo, na safari hii nasema kweli. Barua yako niliipata, maneno mengi kama kawaida yako, nimekusikia.

Kazi imekwisha. Injini niliiweka kwanza, nisije nikasemwa. Boriti imekaa sawa, nimeongeza vipande viwili vya chuma kinene, nikachomelea kwa sikio kama nilivyokufundisha. Moto ukiimba kama mafuta ya kukaangia, chuma kinakula. Uliimba kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata mara moja haukupiga chafya. Wale waliosema nimezeeka walikuja kuchungulia mmoja mmoja wakajifanya wamekuja kuazima spana.

Tumeshakwenda kliniki. Mama yako alilala, Cheche. Alilala ndani ya pikapu, mdomo wazi, mto umeanguka chini, mimi namwendesha polepole kama nimebeba mayai. Majirani wote sasa wanajua jinsi mumewe anavyomhurumia, amewahubiria mpaka nimeona haya.

Fundi Cherehani wa jirani amenipigia picha ya chini ya gari, nakutumia uone mshono. Useme mwenyewe kama kuna kijana hapo kwenu anayenifikia.

Baba yako.

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mu wazima. Leo sina mengi.

Picha nimeitazama mpaka nikaenda nayo dirishani. Mshono ni mzuri kweli, umelala sawasawa. Lakini wa upande wa kushoto haupo kwenye kiungo. Umepita pembeni yake, kama upana wa kidole, juu ya chuma kitupu, mwanzo mpaka mwisho. Kipande hakijashikana na chesesi, kimeshikwa na yale matone madogo manne uliyodondosha ya kushikizia tu. Moto uliimba kwa sababu ulikuwa unakula chuma, Baba, lakini chuma kisichokuwa chake.

Upande wa kushoto ndipo anapokaa Mama. Tafadhali usiliwashe hilo gari. Pitisha ukucha kati ya kipande na chesesi, utaona unaingia. Nitakuja nikate nichomelee upya, na hakuna mtu atakayejua.

Na twende tukapime macho. Nakupenda, usinikasirikie.

Mwanao.

6 Machi

Kwako Cheche,

Salamu nyingi. Hujambo na kazi? Sisi tunaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Barua yako nimeipata, nimeisoma, nimefurahi sana. Nilijua utauelewa mshono ule, maana wewe ndiye unayeijua kazi. Maneno yako yamenitia nguvu.

Mama yako anakusalimu. Kliniki tunarudi tarehe kumi na mbili, mapema. Anaisubiri safari kama mtoto. Amesema tukitoka huko nimpitishe kwa dada yake, kule juu mlimani, hajafika tangu upasuaji. Nami nimemwahidi.

Baba yako.

10 Machi

Baba,

Hukusoma barua yangu. Hukuisoma hata mstari mmoja, ungeisoma usingenishukuru. Nimekaa na jibu lako mkononi mkuu wa karakana akaniuliza nani amefariki.

Naandika kwa herufi kubwa za bango, na nimemwambia kondakta ampe Mama mkononi, si wewe. Mama, soma kwa sauti. Mshono wa upande wako haukushika. Usipande hilo gari, hata kwenda dukani, na mlimani ndiyo kabisa. Mwambie Baba akupe barua yangu ya tarehe ishirini na saba, usome yote.

Nisamehe, Baba. Sikupata njia nyingine ya kukufikia ila kupitia kwake.

Mwanao.

29 Machi

Kwako Cheche, binti yangu,

Tunakusalimu. Mwandiko huu unaujua. Mimi nasema, mama yako anaandika, kwa hiyo ninayokuambia yeye anayasikia kwanza.

Tarehe kumi na mbili kondakta alitukuta langoni. Injini inaunguruma, mama yako ameshakaa, amevaa vizuri kwa ajili ya dada yake. Akaisoma barua yako kwa sauti kama ulivyomwagiza. Akaninyooshea mkono, nikatoa ile nyingine mfukoni mwa shati. Akaisoma nayo. Nilitaka ardhi inimeze.

Nilizima gari, nikaingia chini, nikapitisha ukucha. Uliingia, Cheche, ukaenda mpaka mwisho. Nikagonga kwa nyundo, si kwa nguvu, tone moja likaachia na kipande kikacheza. Mama yako akaniuliza kupitia dirishani, umeona? Nikamwambia, nimeshika. Halafu akauliza, na barabara je, barabara unaiona?

Sikuweza kumdanganya nikiwa nimelala chini ya miguu yake. Barua yako ya Januari nilisoma nusu, juani, mpaka pale pa injini, kilichobaki kilikuwa ukungu. Ile ya pili sikuona kitu. Kumwomba anisomee ilikuwa ni kumwambia, na nikimwambia ni nani angempeleka kliniki? Nilikuwa nafuata weusi wa mtaro na honi za watu. Kila akiwasimulia majirani kwamba naendesha polepole kwa huruma ya mgongo wake, mimi nilikuwa naendesha polepole kwa sababu sioni.

Alishuka mwenyewe, ameshika mlango. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Tangu siku hiyo ananisemesha habari za chakula na dawa tu. Kliniki tarehe hiyo ilipita, na ya juzi imepita. Pikapu iko juu ya mawe, funguo anazo yeye. Gereji nimefunga, wateja nawaambia naumwa homa.

Njoo mwanangu. Uchomelee wewe, na uendeshe wewe. Mimi nitakaa nyuma na mizigo.

Baba yako.

Cheche, nimeandika kila neno kama alivyolisema, sikupunguza. Alikuwa analia, hilo hakuniambia niandike. Bado nina hasira naye. Kesho nampeleka kwa daktari wa macho, tutakwenda kwa miguu, nitamshika mkono.

Mama.