Njaa ya Asiyelala

Asembo, 4 Februari 1971

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mdogo Dalmas,

Wewe unaniona mimi nimekufa? Krismasi mbili zimepita hujatia mguu hapa. Kutoka Kisumu ni basi moja tu, na basi hilo halijawahi kukushusha. Mimi mzima, ila magoti yanalia. Wewe u mzima? Hilo lijibu kwanza.

Anayeandika ni Nasambu, mke wa jirani yetu Joram. Kijaluo chake bado kinachechemea, ndiyo maana unapata Kiswahili. Mimi nasema, yeye anaandika. Akiruka neno nitajua, mkono wake utasimama.

Shangazi yako Aoko alikuja huko kuuza dagaa wa omena, akakuona. Anasema una tumbo kama chifu, shati halifungi. Nilipiga kigelegele! Mtoto niliyemlea kwa uji mwepesi amenona! Kisha nikatazama juu, nikaona nyota kupitia paa langu. Dalmas, mtu akinona ana pesa. Na mnene anayeacha dani yake anyeshewe ni mlafi. Nasambu anasema neno hilo ni kali. Nimemwambia aliandike hivyo hivyo. Niletee mabati.

Ni mimi dani yako, niliyemzaa baba yako,
Dorca

Obunga, Kisumu, 21 Februari 1971

Mpendwa Dani,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nasinzia. Pole kwa magoti. Mimi siwezi kusema ni mzima, wala kusema ni mgonjwa.

Huu si unene wa pesa. Usiku napika mikate kwenye bekari. Asubuhi narudi chumbani, bati linachoma, watoto wanapiga mpira mlangoni, jirani anagonga masufuria anayotengeneza. Nalala kidogo tu, na njaa inaamka kabla yangu. Si njaa ya ugali na samaki, inataka kitu kitamu. Mikate iliyovunjika tunapewa bure. Naila na chai ya sukari nyingi, na kabla sijafuta mdomo nataka tena. Tanuri lilipoharibika tukapumzika, nililala usiku kama watu, na mkate ukanichosha hata kuutazama. Tukarudi kazini, njaa nayo ikarudi.

Watu wananiita Bwana Mkubwa. Ndiyo maana siji. Nitaingiaje nyumbani na tumbo hili na mikono mitupu?

Lakini mabati utapata. Nimeongeza kazi ya mchana, kubeba magunia ya unga.

Mume wako mdogo,
Dalmas

Asembo, 9 Machi 1971

Mume wangu,

Hapa salama, mvua imeanza. Acha hayo magunia leo. Si kesho.

Babu yako alipokufa tulikesha na maiti, tukakesha tena na wageni, na mimi nilikula mpaka wakwe wakanong'ona: mjane gani huyu hashibi? Nilidhani ni uchungu. Kumbe ulikuwa usingizi unadai chake, nami naulipa kwa ugali.

Paa hili limezoea kuvuja. Nasogeza kitanda, basi. Njoo ulale.

Dani yako

Asembo, 15 Agosti 1971

Dalmas,

Unapumua? Sina salamu nyingine.

Jana kondakta alishusha mabati yenye jina langu. Nilibaki nimesimama barabarani, nikingoja mtu ashuke nyuma yake. Basi likaondoka. Nasambu akanishika mkono kama kipofu. Wewe uko wapi? Andika hata neno moja.

Dani yako

Kisumu, hospitalini, 12 Septemba 1971

Dani,

Mkono huu ni wa Wanyonyi, mgonjwa wa kitanda cha pili. Macho yangu yanaona ukungu.

Barua yako ya Machi niliipata. Nikasema nitaacha nikishanunua bati la mwisho. Kiatu kikanichubua kidole, kidonda kidogo tu, kikakataa kupona. Daktari alipima mkojo, akasema damu yangu imejaa sukari. Anasema pengine ugonjwa huu uko katika ukoo, lakini kukosa usingizi kumeuharakisha: mwili uliochoka hushindwa kuitumia sukari, na bado unadai zaidi.

Wamekata mguu, chini ya goti.

Hapa nalala. Mkate siutamani tena. Lakini usiningoje, Dani. Niliondoka hapo na miguu miwili.

Dalmas

Asembo, 2 Oktoba 1971

Mume wangu mdogo,

Doa hilo kwenye karatasi ni chozi la Nasambu. Langu nimelifuta.

Nilipigia kigelegele ugonjwa wako. Hilo nitalala nalo mimi, wewe usilibebe. Na usiniambie nisikungoje, nani amekufundisha kunipa amri? Nilikupokea hujui hata kutambaa. Nitashindwa kukupokea leo?

Mabati yamelala nyuma ya nyumba, sitayapandisha. Mvua ikipiga bati, nani atapata usingizi chini yake? Joram ameezeka nyasi mpya.

Ukija, panda basi la mchana. Joram atakungoja barabarani na baiskeli. Usizunguke nyumba kwa nyumba kusalimia, wakuwekee chakula kila mlango na kukutazama mguu huku unatafuna. Wakisema huna adabu, waje waniambie mimi. Pita moja kwa moja hadi kwangu. Usinipe habari, usinisalimie, usieleze kitu. Lala. Mlangoni nitakaa mimi, na atakayetaka kukuamsha, hata awe mchungaji wa kanisa, atanijua. Tutasalimiana utakapoamka mwenyewe.

Dani yako,
Dorca